Maneno ya Kiprono Getini

Kiprono rafiki yangu,

Wengi wanaobishana kama filamu za zamani zitengenezwe upya wanakosea mahali pamoja: wanadhani filamu ni kile kilichomo kwenye mkanda tu. Mkanda wetu ulikuwa Kiingereza kitupu. Kule Ndabibi, katika ukumbi wa shamba wenye magunia madirishani, filamu ilikuwa wewe, umesimama na fimbo yako kando ya shuka la kuonyeshea picha, ukitusimulia kwa Kiswahili.

Tangu tukuzike, ile picha yetu ya mzee aliyepotelewa na ng'ombe imeanza kutengenezwa upya hapa Nakuru. Sikukasirika kusikia hivyo. Nifafanue, maana unajua napenda kufafanua: wewe mwenyewe uliitengeneza upya kila Jumapili. Mvua ikikataa, yule mzee alisimama njiani kuyahurumia mahindi yetu. Mlinzi wetu alipofariki, ulimfanya mzee apite kwa mjane kumpa pole, na mama wa watu akalia mbele yetu sote. Hakuna aliyelalamika.

Hasira yangu ni hii. Mwongozaji, msichana wa Milimani, aliniita nitazame kazi yake kwa kuwa niliiona ile ya kwanza. Mzee akafika kwenye geti la nyumbani kwake, akasema: "Fungueni. Nimechoka kuwa mgeni."

Nilishika kiti, Kiprono. Nikamwambia yule msichana hayo ni maneno ya rafiki yangu. Akacheka.

"Mzee wangu, umesahau tu. Hiyo iko kwa ile ya kitambo. Shosho yangu huisema kila akirudi nyumbani."

Nyanya yake huyo alikuwa akikaa nasi ukumbini. Nikamweleza polepole, kama darasani: katika mkanda, mzee anafika getini akiwa ametupa mgongo, na hasemi lolote. Kwa kuwa hatukuuona mdomo wake, wewe ulimpa maneno. Tukaitazama ile ya zamani kwenye simu yake. Upepo tu. Kisha msichana akasema ataandika jina lako mwishoni mwa filamu, ila anataka kwanza neno kutoka kwa familia, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuongeza majina.

Nikawaendea wanao. Unajua walinijibu nini? "Mwalimu, si ni maneno tu. Wacha stori za mzee."

Maneno tu. Watu watayalilia maneno hayo wasijue yalitoka kwa nani, na uliowazaa wanaona aibu kwamba baba yao alikuwa akipigia shuka kelele. Nimeshindwa kulala kwa hasira. Hata wewe nakukasirikia, uliyekataa kurekodiwa. "Mwalimu, nikirekodiwa, Jumapili ijayo nitasema nini?" Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, siku ya maonyesho nitaketi mbele, na mzee akifika getini nitasimama nilitaje jina lako, liwe limeandikwa au halijaandikwa.

Barua hii naisomea hapa kaburini kwako, na wanao nimewaita wasimame nami. Basi, watoto, nambari ya huyo dada mwongozaji ninayo. Mpigieni leo, mumwambie baba yenu aliitwa nani.