Jiko Chini ya Kitanda

Jumatano, Ujiji

Galoni moja la dizeli tulilobaki nalo lazima litufikishe Ijumaa. Malori ya wakimbizi yamekomba dizeli yote mjini, na unga wa arobaini ya marehemu mume wangu bado haujasagwa.

Leo yule Mzungu anayelala ndani ya gari lake hapa uwanjani kwetu amekuja kuomba dizeli. Si ya kuendeshea. Gari lina jiko la dizeli la kupasha joto, chini ya kitanda.

"Joto, Kigoma hii?" akauliza shemeji yangu, anayesaga kwenye mashine yetu.

"Mke wangu ana malaria. Anatetemeka."

"Mashine yetu inakunywa kama ng'ombe. Hilo jiko lako je?"

"Kikombe kimoja kwa saa."

Shemeji hakuamini. Nikapima kikombe kimoja, kile cha chai cha marehemu, tukaingia garini kusubiri. Saa ilipotimia jiko likazima. Shemeji akatoka amelowa jasho, akasema, "Bi mkubwa, mpe vingine viwili. Unga utasagika."

Mama wa watu amelala, ametulia.

Marehemu alivaa koti hata juani, miaka yote akilalamika baridi. Angelala mle, Malaika Izraili mwenyewe angeshindwa na joto, akarudi.