Kila Jumamosi Alipokuja Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijasema na mume wangu. Mimi ni dobi, kila Jumamosi napiga pasi ya mkaa sare za wanafunzi chumbani, mlango na dirisha nimefunga vumbi lisiguse mashati meupe, na mama mkwe alikuwa anakuja kunishikia binti yangu wa miaka miwili. Shajara naandika tangu nimalize kidato cha nne. Tarehe 4: mtoto ametapika, amelegea, mama mkwe yupo. Tarehe 11: vilevile. Tarehe 18: vilevile, nami kichwa kinagonga, nikasema ni hasira. Nikamsomea mume wangu tarehe hizo mbele ya mama yake, nikauliza, "Mama yako anamlisha nini mwanangu?" Mama mkwe akavaa viatu, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuja kukupunguzia kazi tu," akaondoka, na mume wangu hajampigia simu hadi leo. Tarehe 25, bibi hayupo, mtoto akanizimikia mikononi! Nikamkimbiza zahanati, nesi akauliza, "Jumamosi huwa mnafanya nini humo ndani?" Nilipotaja pasi akashika kichwa: "Dada! Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, lakini inaua!" Nimerudi nyumbani nikafungua shajara. Jumatano tarehe 15, mwandiko wangu: "Sina kazi leo. Mama mkwe kashinda hapa, mtoto mzima, anacheza." Ukurasa huo niliuruka. Nifanyeje?

Dobi

Dada Dobi, barua yako nimeimaliza nimesimama. Pole, na shukuru Mungu mtoto anapumua. Sasa nikuseme. Ulikwisha kumhukumu bibi, ndipo ukaenda kumtafutia tarehe. Kila Jumamosi waliingia wawili, bibi na mkaa, tena bibi aliitwa na kazi ya huo mkaa! Aliyekuwepo si lazima ndiye aliyetenda. Ungejiuliza: bibi akiwepo bila pasi, inakuwaje? Pasi ikiwepo bila bibi, je? Nusu ya jibu ulikuwa nayo tangu Jumatano. Na kichwa chako kilichogonga, nacho ni chakula cha bibi?

Leo hii pasi itoke nje. Shati likishika vumbi, lifue tena. Mtoto mrudishe kwa nesi, nawe ukapimwe. Kisha msomee mume wako ukurasa ule ulioruka, mfunge safari wote wawili kwa mama yake. Msamaha utauomba, lakini usianze nao. Anza hivi: "Mama, siku zile kichwa hakikukuuma?" Maana naye alikuwa humo humo, kampakata mwanao, na mlango uliufunga wewe.