Gunia Lisilouzwa

Molo, Tororo

Kwa Osire, mzee mwenzangu wa ng'ambo ya mpaka,

Pokea salamu za huku kwenye matope. Goti limekubali kukunjika, au bado unakaa kanisani mguu mbele kama unayezuia ng'ombe? Mimi nipo. Meno yangu yaliyobaki hayagombani, maana hayakutani. Mama Patience anasali sana, na mimi namsindikiza kwa kusinzia.

Nakuandikia juu ya binti yako Caro. Aliniambia sokoni Busia kwamba ile programu yake ya mizani, inayowasomea kina mama uzito kwa sauti, anataka kuifumua aiandike upya yote kwa mkono wake. Eti ndani mna vipande vya watu, na kile kinachotamka namba, mwenyewe hayupo tena wa kukirekebisha. Kikiharibika atamwita nani? Alisema akiangalia chini, maana mwenyewe ni binti yangu Patience, na wewe ulilishika jeneza lake.

Unakumbuka nilivyomtania Patience aliposema anaandika maktaba. Mimi maktaba nilijua ni nyumba ya vitabu. Niliwahi kuingia moja kukimbia mvua. Yeye akasema watu wa kompyuta nao wanazo zao: mtu anaandika kipande, anakiacha wazi, wengine wanachukua bila kuanza mwanzo. Nikamcheka kwamba nimesomesha mwombaji, tena mwombaji anayegawa vyake bure. Tulikuwa kwenye ajon, ile pombe ya ulezi tunayoinyonya wote kwa mirija kutoka chungu kimoja. Akaniuliza chungu ni cha nani. Nikasema cha Elungat aliyetualika. Akauliza, kila mwenye mrija akikaa kwake na chungu chake, mimi nitamtania nani? Wazee wakanizomea. Nikakubali nimeshindwa, jambo ambalo halijarudiwa.

Basi Caro anadhani mimi ni msumbufu wa bei. Kila siku ya soko naleta gunia la mtama, linapimwa, nakataa bei, narudi nalo kwa bodaboda. Wale wanawake wa mizani wamenipa majina, mengine matamu kabisa. Nikuambie wewe peke yako: gunia hilo haliuzwi. Nyumbani napunguza kopo, naongeza kopo, ili Patience aseme namba nyingine. Ni sauti yake, Osire. Kwenye sitini na saba anakaribia kucheka, kwa sababu siku ile anajirekodi nilipita nyuma yake nikimwigiza. Hiyo ndiyo naitafuta. Lakini mtama unakauka na panya hawana huruma. Juzi nilikosa kwa kilo moja.

Caro ana haki, akili anayo. Aandike upya vyote, ila sauti ya namba aiache. Mwombe wewe, bila kumwambia kisa. Akijua atanionea huruma, na huruma sijui kuitania.

Nisalimie mkeo Anjeline, umwambie bado nasema ulimchukua kwa hila.

Rafiki yako asiye na aibu,
Eibu

Kesho ni soko. Nimeongeza kopo moja.