Kitufe cha Kengele Ndani ya Gari Lako

Baba yangu uliyelala Handeni,

Nimeolewa! Nilitaka barua hii ianze kwa furaha hiyo na iishie hapo hapo, kwa sababu Hamisi ni mwanamume ambaye ningependa umwone hata kwa dakika moja. Ananiletea chai kitandani, baba. Ananiita malkia mbele ya majirani. Lakini imenibidi nikuandikie kuhusu gari lako, maana limetuaibisha mtaa mzima wa Manundu hapa Korogwe.

Siku ya harusi mama alinipa ufunguo, akasema ulitaka liwe langu. Mchana ule wa jua kali liliwaka mara moja, nami nikalia kwa kusikia tu mlio wake. Kesho yake asubuhi, Hamisi alipotaka kwenda kazini Hale, likagoma. Stata ilizungusha kwa nguvu, moshi mweupe ukajaa uani ukinuka dizeli mbichi, injini haikushika. Tukasukuma. Siku iliyofuata tukasukuma tena. Wiki tatu za ndoa, baba, nasukuma gari nikiwa na hina mikononi!

Jirani yetu, Mama Zuberi, hufungua dirisha makusudi.

"Maharusi, hamjambo? Fungate linaendeleaje?"

"Linasukumwa, mama," Hamisi humjibu huku akihema, nami hucheka mpaka nguvu zinaniishia. Kisha hasira zinarudi.

Tulibadilisha betri, ikawa vile vile. Tukabadilisha chujio la dizeli, vile vile. Kila aliyepita alikuwa na lake: huyu nozeli, yule pampu, na mjomba wake Hamisi akasema gari limemkumbuka mwenyewe. Jumatano Hamisi alichelewa kazini kwa mara ya tatu. Aliporudi, chakula hakukigusa.

"Mke wangu, najua ni la baba," akasema. "Lakini Jumamosi kuna mtu anakuja kulitazama. Akilipenda, alichukue."

Nilikwenda kukaa kwenye kiti chako, nikaushika usukani uliolainishwa na mikono yako, nikakusema vibaya. Nisamehe. Ningekulaumu nani mwingine?

Ijumaa asubuhi nikamwita Fundi Mhina aje kabla hatujaligusa. Nilimweleza kwamba hugoma asubuhi ya baridi tu. Mchana halina shida.

"Hapo umenisaidia, shemeji," akasema. "Basi betri na pampu mnavionea bure. Dizeli inafika, ndiyo huo moshi mweupe. Inakosa joto la kuiunguza."

Akapima hita plagi, vile vijiti vinavyopasha injini moto kabla haijawaka. Zote zilikuwa nzima, ila umeme haukuzifikia. Akaingia chini ya usukani, akachomoza na nyaya mbili zilizokatwa na kufungwa utepe mpya kabisa.

"Hapa palikuwa na kitu. Nani amekikata?"

Hamisi akajikuna kichwa. "Kulikuwa na kitufe cha kengele, hizi za mlangoni, kimebandikwa kwa gundi. Nilipokuwa nalipamba gari kwa ajili ya harusi nikaona kinatia aibu. Nikakitoa."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, baba.

Nilikuwa na miaka sita au saba. Umenipakata, magunia ya mahindi yako nyuma, tunajiandaa kuja Korogwe. "Mwanangu, piga hodi kwanza," uliniambia. "Gari halipendi kushtuliwa." Nikabonyeza kitufe kile, tukahesabu pamoja mpaka kumi na tano, ndipo ukageuza ufunguo. Safari zote ilikuwa hivyo. Miaka yote nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Kumbe swichi ya hita ilishakufa, nawe ukaitengenezea njia yako, na mimi ndiye niliyekuwa napasha injini moto!

Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu! Hata mama hukumwambia. Nimesukuma gari wiki tatu kwa sababu ulipenda kunichekesha.

Hamisi hakuwa amekitupa. Alikitoa kwenye kopo lake la misumari, fundi akakiunganisha. Nikanyoosha kidole, Hamisi akanizuia.

"Niachie mimi. Mimi ndiye niliyemkosea."

Akafunga kifungo cha shati, akakaa wima kama siku alipoleta posa kwa ami, ndugu yako.

"Hodi, baba mkwe," akasema akibonyeza. "Shikamoo."

Tukahesabu. Kumi na tano, akageuza ufunguo, na gari likawaka kwa mguso mmoja. Mama Zuberi alipofungua dirisha, tulikuwa tumeshafika njia panda.

Yule mtu alipokuja Jumamosi, Hamisi alimkaribisha chai, akamwambia gari lina mwenyewe.

Bado nimekukasirikia. Kila asubuhi naanza kukulalamikia huku tukihesabu, na tukifika kumi na tano nakuta nimeshasahau. Pumzika, baba. Hodi tunapiga.

Mwanao uliyempakata,
mke wa Hamisi