Daktari Alipohesabu Wiki

Kwako Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua cha vumbi la saruji kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama yupo, goti lake tu ndilo linamkumbusha kila asubuhi kwamba umri haudanganywi. Karakana yangu iko palepale nyuma ya duka la baiskeli. Wiki hii nimevisha makochi mawili ya yule mwalimu mstaafu, anayekataa kila kitambaa ninachomwonyesha kisha anarudi kuchagua kile cha kwanza.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, Kaka, mara nyingi tu, na kila ukipokea naishia kukuuliza kama huko kunanyesha. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye karatasi sitaisikia sauti yako, na huenda nikafika mwisho.

Habari kubwa ni ya binti yako. Alhamisi nilimsindikiza shemeji hospitali ya macho. Tangu ulipomwambia aende akakae kwao hadi utakaporudi, hana wa kumshikia hata mfuko, na baba yake miguu imevimba hawezi kutoka. Mama hakupenda niende. Alisema aliyemeza vidonge ovyo akiwa mjamzito na ayabebe mwenyewe matunda yake. Nilivaa viatu nikatoka.

Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima kati ya watu waliofungwa bendeji jicho moja. Mwanetu alikuwa mapajani kwa mama yake, mtulivu kupita kiasi. Ule weupe uliouona mara ya mwisho umezidi, kama tone la maziwa katikati ya kila jicho. Bwana mmoja mzee alimchezea kwa kumtikisia funguo karibu na sikio. Mtoto hakugeuka. Shemeji akasema amechoka, hajalala vizuri. Mimi nikatazama sakafu.

Daktari ni mama mmoja mfupi, asiye na haraka. Alimmulika mtoto macho, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba hilo hupasuliwa, ila lisicheleweshwe. Hapo tulishusha pumzi. Kisha akasimama nyuma ya shemeji akapiga makofi. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Aliporudi kwenye kiti chake uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza mtoto alizaliwa lini, na kama mimba ilitimiza miezi yake. Shemeji akamwambia ni tarehe tisa mwezi wa tisa, na mkunga alisema ni wiki thelathini na tisa.

Ukutani kalenda ya mwaka jana ilikuwa bado imening'inia chini ya hii mpya. Daktari aliishusha, akaanza kurudi nyuma wiki baada ya wiki kwa ncha ya kalamu, akifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine hadi mwezi wa pili. Alieleza kwamba macho na masikio yakiumia pamoja namna hii, mara nyingi jambo lenyewe hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Akamuuliza shemeji kama aliumwa wakati huo. Shemeji alitikisa kichwa, halafu akakumbuka: wiki ile ulipohamishiwa kiwandani alitokwa na vipele kwa siku mbili, na tezi zikamvimba nyuma ya masikio. Havikumsumbua, hakwenda popote.

Daktari akasema inaelekea ni rubela, ndugu mdogo wa surua. Mtu mzima haimsumbui sana, ila ikimkuta mtoto tumboni inamharibu. Kuhusu vile vidonge vya kichefuchefu alisema havina kosa lolote, na kwamba yeye mwenyewe huwapa wajawazito. Kisha kalamu ikarudi nyuma wiki nyingine mbili, tatu, ikasimama mwisho wa mwezi wa kwanza. Akasema ugonjwa huu huchukua muda huo kujionyesha, akauliza siku hizo nani nyumbani alikuwa na vipele.

Shemeji alimfunika mtoto miguu ambayo ilikuwa imeshafunikwa. Akajibu kwamba hakumbuki. Damu ya mtoto ikachukuliwa, tukatoka.

Kwenye korido ndipo aliponigeukia. “Shemeji, nakumbuka,” alisema. “Lakini nikisema mimi, mama yenu atasema nimemtafuta mwanawe wa kumtwika mzigo wangu. Sema wewe.” Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kofi.

Kaka, mwisho wa mwezi wa kwanza ndipo nilipokuja kwenu kurekebisha viti vya ukumbi uliponitafutia kazi. Vile vipele niliwaambia ni vya joto. Havikuwa vya joto. Siku mbili kabla ya safari, mganga wa zahanati alinitazama akaniambia ni rubela, imeenea mtaani kwetu, nikae ndani wiki nzima na nisimsogelee mjamzito. Nikaona kazi itapewa mwingine. Nilijidanganya kwamba kwenu hakuna mjamzito, kwa hiyo hakuna kosa. Ulinifungulia mlango, ukanikumbatia, ukaninong'oneza kwamba shemeji ana mimba. Sijawahi kukuona na furaha ile. Hapo mlangoni ndipo nilipopaswa kurudi stendi. Nilikula sahani moja na ninyi siku tano, naye akanifulia mashati.

Na hilo si baya kuliko yote. Macho ya mtoto yalipoanza kuonekana na Mama akataja vidonge, uliniuliza mimi, kwa kuwa uliniamini. Nikakujibu kwamba ndiyo, nilimwona akivimeza. Nilisema kweli huku nikijua naisema kwa nini. Tayari nilikuwa na hofu ya ugonjwa wangu. Kwa neno langu hilo ukamrudisha mkeo kwao.

Majibu ya damu yalitoka jana. Ni rubela. Nilimwambia Mama yote mchana wa jana, akiwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi ya mwisho, kisha akasema, “Umeniacha nimtukane mtoto wa watu miezi yote hii.” Akajifunga kitambaa akaenda kwao shemeji kwa miguu, na goti lake hilo. Alikataa nimsindikize. Ameniambia tu kwamba walimfungulia.

Jicho la kwanza litapasuliwa Jumanne. Masikio watayapima baadaye. Daktari hakutuahidi kitu.

Wakwe zako wanakusalimu, na jirani wa baiskeli pia. Sikuombi unisamehe kwa barua, na ukikaa mwaka mzima bila kuniandikia nitaelewa. Ila kabla ya kunikasirikia, chukua simu umpigie mkeo. Anapokea jioni, mtoto akishalala.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Viti