Ndizi Nilizozivundika Majini

Machame, Jumatano jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, si umeinama na jembe katika jua lile la Masasi. Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha Bibi, bado kinamsumbua? Mimi ni mzima wa mwili, ila sina utulivu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nimechemsha chai, sikuinywa. Nimetoka nje kuutazama mlima, umefunikwa na ukungu, nikarudi ndani. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe unalia, mimi nalia, na salio linakwisha hatujaambiana kitu. Isome mwenyewe. Usimpe kaka Linus akusomee, maana anaongeza ya kwake.

Yule mwalimu Mchaga anayefundisha hapo kwetu alinipigia tena wiki iliyopita. Bado alitaka tubadilishane vituo vya kazi, yeye arudi kwao huku Hai na mimi nije Masasi. Upande wake wa fomu alikuwa ameshajaza, wangu ulibaki sahihi tu, na mwisho ni Ijumaa hii. Wiki mbili nimetembea na hiyo fomu ndani ya daftari la maandalio ya masomo. Naitoa, nashika kalamu, naifunika tena. Na wewe kila ukipiga simu unauliza, "Umeshasaini?"

Sasa ngoja nikupe kisa, ndipo utanielewa.

Mama Anaeli, mwenye nyumba wangu, mjane yule uliyesalimiana naye kwenye simu, mjukuu wake anapata kipaimara Jumapili. Huku kipaimara bila mbege watu wanarudi nyumbani wakinung'unika. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Basi wiki iliyopita alikata mikungu minne ya ndizi, kijani kabisa, kisha akaitwa ghafla kwa binti yake Arusha. Akaniambia huku kikapu kiko mkononi, "Mwalimu, nivundikie hizo ndizi leo leo. Nikirudi nataka kupika."

Nivundikie! Mama, hilo neno nimelisikia kwako tangu sijaota meno. Nikavuta pipa, nikakata vichane, nikavitumbukiza, nikajaza maji, nikagandamiza na jiwe kama tunavyovundika muhogo mchungu kwetu. Kila jioni nikabadilisha maji. Tena nilijisifu moyoni, nikasema leo Wachaga wataona binti wa Kimakua alivyolelewa.

Juzi Jumatatu akarudi. Akapanda moja kwa moja darini, juu ya jiko la kuni. Akashuka.

"Mwalimu, ndizi ziko wapi?"

Nikampeleka kwenye pipa. Alipofunua, harufu ikatufukuza sote wawili. Maganda yameoza, ndani ndizi ngumu vilevile.

"Mae! Mwalimu, umezibatiza?"

"Nimezivundika, Mama. Kwetu ndivyo tunavyovundika."

Kumbe huku kuvundika ni kuzipandisha darini penye joto na kuzifunika kwa majani makavu ya mgomba mpaka ziive. Maji hayana kazi hapo. Mama Anaeli akakaa kwenye kistuli, akashika shavu. Nilitamani ardhi inimeze. Mikungu minne, Mama, na sherehe Jumapili! Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akajifunga kanga akatoka kwa majirani. Kabla ya giza wanawake sita walikuwa wameleta ndizi mbivu, kila mmoja kichane chake, na kila aliyepita mlangoni kwangu aliuliza kama kuna ubatizo mwingine wiki hii. Sasa jina langu huku ni Mbatizaji. Mama Anaeli akanikabidhi mwiko nikoroge sufuria naye, akaniambia, "Mgeni hatumcheki hivi. Tunamcheka wa nyumbani."

Jana nikapeleka ndizi mbili darasani, moja ya pipa na moja mbivu ya jirani. Ipo dawa tunayoiita iodini, rangi yake ya kahawia. Ukiidondoshea kitu chenye wanga inageuka nyeusi inayokaribia bluu. Ndizi ya pipa ikawa nyeusi tii. Ile mbivu haikubadilika sana, maana wanga wake ulikuwa umeshageuka sukari. Nikawaeleza wanafunzi kwamba jani linapika sukari kwa mwanga wa jua, halafu mmea unaigeuza wanga na kuiweka akiba, kama wewe unavyoanika makopa ya muhogo ya kula kiangazi. Wakati wa kuiva ukifika, ndizi inauvunja wanga uwe sukari tena. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kwa nini ya kwako ilikataa?" Nikamjibu kwamba kwenye maji ilikosa hewa, na ndizi haiivi bila kupumua. Darasa zima likacheka, nami nikacheka, kisha nikageukia ubao kwa sababu machozi yalinilengalenga.

Mama, hiyo ndizi ni mimi. Miaka mitatu nimekaa Machame bila kupumua. Sikununua hata kitanda kizuri, nikisema si nakaribia kuondoka? Kichaga sikujifunza. Nilipoalikwa nilikwenda nikiangalia saa. Nilikuwa nakungoja wewe uniite, na wewe unaningoja nije, wala hakuna kati yetu aliyeiva. Juzi kwenye ile sufuria ndiyo mara ya kwanza nilisahau kuhesabu miezi.

Leo mchana nimeirudisha fomu bila sahihi. Nimempigia yule mwalimu nikamwomba radhi, akanikasirikia, ana haki. Najua na wewe utaumia. Sijakukimbia, Mama. Nakupenda, na nimeogopa kukuambia hili kuliko nilivyoogopa pipa la Mama Anaeli.

Nisalimie Bibi, umwambie shikamoo na asiache kunywa tangawizi. Msalimie Linus, fundi cherehani wetu, na shemeji anayemvumilia. Msalimie shangazi wa kanisani, ila kisa cha mbege usimwambie. Shule zikifungwa nitakuja, nikae mpaka mwaka mpya, kisha nirudi kazini.

Limebaki moja. Ule mstari wa muhogo ulioupanda mwezi niliosafiri, ukakataza mtu asiuguse mpaka Agnesi arudi nyumbani, Linus ameniambia bado umesimama. Mama, muhogo hauweki akiba kwa ajili yetu. Unajiwekea wenyewe, na mvua zikianza unauvunja ule wanga wa mizizini upate kutoa majani mapya. Ukiuacha zaidi utakuta maji na nyuzi tu. Mvua zimekaribia. Uchimbe wote, mle mnaoweza, unaobaki mfanye makopa, na vijiti vyake uvipande upya. Usiniachie hata shina moja.

Mwanao anayekupenda,
Agnesi