Tromboni ya Asukulu

Jumatano, Rumonge. Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Sasa imebaki ukungu juu ya ziwa, na milima ya Kongo haionekani kabisa. Nimelala vibaya. Chai nimekunywa nusu kikombe.

Nimeficha jambo moja tangu miaka ya vita, na linahusu wimbo wangu unaojulikana kuliko nyingine zote.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnaijua "Njia ya Magara". Mnajua pia kwamba niliipanga mara mbili: mara ya kwanza ikiwa na tromboni, mara ya pili bila tromboni. Nimesema redioni, nimesema misibani, nimesema hapa hapa, kwamba ile ya pili niliiandika baada ya Asukulu, mpiga tromboni wetu, kuchukuliwa na watu wenye bunduki. Nilisema niliandika nikilia, nikimwachia nafasi yake wazi.

Si kweli. Niliiandika kabla.

Daktari wa Bujumbura ameniambia moyo wangu umechoka, na hakutafuta maneno ya kunifariji. Namshukuru kwa hilo. Lakini si yeye aliyenifanya niandike leo. Ni Riziki, binti wa Asukulu. Jana alinipigia simu, kama anavyofanya kila Jumanne.

"Papa, umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Mama Zaina ameniambia sahani imerudi jikoni vile ilitoka."

Mama Zaina ni jirani anayenipikia. Naye amegeuka mpelelezi.

Riziki akaniambia kwamba watoto wa shule moja ya hapa Rumonge wamepata matarumbeta, na mwalimu wao anataka wajifunze "Njia ya Magara". Akaniuliza kama partisyo bado zipo, maana hivyo ndivyo tunavyoziita karatasi za muziki.

"Ile yenye jina la baba juu yake, iko?"

"Iko."

"Na ile uliandika ya kumulilia?"

"Nayo iko."

"Basi Jumamosi nakuja kuzibeba. Watoto watapewa kopi. Zile zenyewe nitazitia kwenye fremu, moja huku, moja huku, pale salon nyumbani kwangu. Sawa, Papa?"

Nikasema sawa.

Padri aliyenifundisha muziki kolegi alitulazimisha kuandika, chini ya kila karatasi, siku tuliyoimaliza. Tabia hiyo haikuniacha. Riziki anaijua vizuri zaidi siku aliyochukuliwa baba yake kuliko anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Atasoma chini ya karatasi ya pili, na atahesabu.

Ningeweza kuichoma. Jana jioni niliibeba mpaka jikoni na kukaa nayo mbele ya jiko la mkaa, hadi sufuria ya chai ikafurika na kuzima moto. Nikarudi nayo chumbani.

Nieleze kidogo kazi yangu, kwa wale wasiojua.

Watu hudhani mtunzi ndiye kila kitu. Lakini katika okesta kubwa, wimbo mtupu ni kama samaki mbichi. Lazima aje mtu wa kuamua nani apige nini: saksafoni zishike wapi, tarumbeta zingoje mpaka lini, nani anyamaze. Mimi nilifanya kazi zote mbili, kutunga na kupanga, lakini kupanga ndiko nilikokupenda. Nilikaa mezani bila chombo chochote, na kalamu yangu ilisikia. Nilipomaliza kuandika, nilikuwa nimeshausikia wimbo wote. Siku ya mazoezi nilikuwa nakwenda tu kuhakikisha.

Okesta Mawese ilikuwa na watu kumi na watatu. Tuliipa jina hilo kwa sababu nusu yetu tulitoka mashamba ya michikichi ya Kizuka, na mavazi yetu hayakuisha harufu ya mafuta. Niliandika kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya chombo. Juu ya karatasi sikuandika "tarumbeta ya pili", niliandika jina. Nilijua pumzi ya nani ni fupi, nani analewa kabla ya mapumziko, nani hawezi kukaa karibu na nani.

Asukulu alikuwa Mubembe wa ng'ambo ya ziwa, wa Baraka huko Kongo. Alivuka ziwa akiwa kijana, akavua samaki Magara, akajifunza tromboni kwetu. Zamani alianguka kutoka juu ya mchikichi na kiwiko cha kulia kikaungwa vibaya. Mkono haukunyooka tena. Sasa, tromboni ina ule mrija unaosukumwa mbele, na noti mbili za chini kabisa zinataka mkono ulionyooka wote. Asukulu hakuzifikia. Kwa miaka yote nilizikwepa. Kila wimbo niliopanga uliinama kidogo mahali hapo, kama mtu anayekwepa dimbwi njiani.

Yeye alicheka tu. "Shefu, mukono ndiyo unakwama. Mudomo haukwami."

Na kweli, mdomo haukukwama. Alikuwa na sauti ambayo wanawake waliacha kucheza ili waisikilize.

Halafu vita.

Sitaandika vita. Wengine wameandika. Nitasema tu tulivyofanya kazi. Kwa kuwa jioni hakuna aliyeruhusiwa kutembea, dansi ilihamia mchana, saa nane hadi saa kumi na moja. Watu walicheza jua likiwaka na jasho likiwatiririka, kila mtu akitazama saa. Na okesta ilianza kupungua. Mmoja alikimbilia Kigoma. Wawili waliuawa barabara ya Bugarama. Mmoja aliacha tu kuja, hatukuuliza. Kila alipokosekana mtu nilirudi mezani, nikachukua noti zake na kuzigawa kwa waliobaki, ili wachezaji dansi wasisikie pengo. Nilikuwa hodari katika hilo. Watu walinisifu: "Okesta ya huyu haipungui."

Nilizipenda sifa hizo. Hilo nalo ni ungamo, ingawa dogo.

Jumanne moja, baada ya mazoezi, nilikuwa nimeketi pale baa ya ufukweni. Mtu mmoja mwenye cheo na bunduki, wa upande upi sitasema, maana siku zile pande zote zilikunywa pale, alikuja na mshikaki wake mkononi. Alipenda muziki. Alijua majina yetu yote.

"Shefu," akaniambia, akitafuna, "Jumamosi jipange bila ule Mukongomani wako wa tromboni."

"Kwa nini?"

"Iko na safari. Watu wanasema mtumbwi wake unabeba vitu ingine, si samaki." Akacheka, akanipiga begani. "Wewe unajua kupanga. Panga."

Sikumwuliza zaidi. Hakuna mtu wa Rumonge wa siku zile ambaye hakujua maana ya safari.

Nilikwenda nyumbani. Adela, mke wangu, aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Jumatano asubuhi nikakaa mezani na kufanya kile nilichozoea kufanya anapokosekana mtu. Nikachukua noti za Asukulu, nikazigawa. Noti za chini nikampa Hamadi wa saksafoni kubwa. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimemaliza, na nikaandika siku chini ya karatasi.

Mtu alikuwa hai, yuko Magara anashona wavu, na mimi nimeshamtoa kwenye wimbo.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alikuja. Alikuwa na samaki watatu wa mukeke kwenye jani la mgomba, akampa Adela, akaingia kwenye chumba changu bila kubisha kama kawaida yake.

"Shefu, unakonda kama kijiti cha ngoma. Mama hakupikii?"

"Ananipikia."

"Basi unakula karatasi." Akainamia meza. Nikazigeuza karatasi kifudifudi. "Eh, unaficha kama mutihani?"

"Bado sijamaliza."

"Umeniwekea solo?"

Nilimwambia atasikia Jumamosi.

Akakaa kitini, akanieleza habari za Riziki, aliyekuwa na miaka minne, jinsi anavyopuliza chupa tupu na kusema yeye ndiye papa. Mama yake alikuwa ameshafariki. Mtoto alilala kwa shangazi. Asukulu alitaka kumpeleka Baraka kwa nyanya yake mvua zikiisha. Boti ya Baraka ilikuwa pale bandarini siku ile ile. Tuliiona dirishani, wapagazi wakiingiza magunia ya chumvi. Iliondoka alasiri.

Alikaa kwangu karibu saa nzima. Sentensi moja ingetosha.

Ijumaa asubuhi walimchukua sokoni, mbele ya watu, wakampandisha kwenye gari. Hakuonekana tena, wala mwili wake. Ile tromboni aliiacha kwa shangazi, na shangazi akaileta kwangu pamoja na mtoto, akisema yeye anarudi ng'ambo na mtoto ana homa, hawezi kuvuka naye. Ndivyo Riziki alivyokuwa mtoto wa nyumba hii. Mimi na Adela Mungu hakutujalia wengine.

Jumamosi tulipiga. Nilidhani hakuna atakayekuja, lakini ukumbi ulijaa. Nilipogawa karatasi mpya, wenzangu waliona hazina tromboni, wakanitazama. Hamadi akanishika mkono. "Umekesha, Shefu," akasema. "Pole. Pole sana." Wote waliamini nimeandika usiku wa kuamkia siku ile, kwa uchungu. Sikuwasahihisha. Tulipoanza, watu waliacha kucheza. Walilia wakiwa wamesimama. Mwanamke mmoja aliniambia baadaye, "Murakoze, asante, umemuzika."

Kutokana na machozi yale nikawa mtu mkubwa. Wimbo ule ndio ulionipeleka redioni, ndio uliofanya vijana waje kutoka Bujumbura kunisalimu. Riziki alikua akiambiwa kwamba Papa alimpenda baba yake hadi akamwandikia wimbo. Alipoolewa, nilimshika mkono kanisani mahali pa baba yake, na wimbo ukapigwa.

Adela alikufa bila kujua. Hamadi naye. Aliyebaki wa okesta sasa ni mimi peke yangu. Kuna siku nzima sisikii sauti ya mtu ila ya Mama Zaina akiniita nile. Simu ya Jumanne ndiyo niliyobaki nayo. Nikimwambia Riziki, huenda Jumanne ijayo isilie.

Ninaandika hapa kwa sababu yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na husoma kila ninachoweka kabla ya mtu mwingine yeyote. Ana kwa ana sitaweza, najijua. Mwanangu, karatasi zote mbili ziko mezani. Sikuchoma kitu. Ukija Jumamosi, njoo. Usipokuja, nitamtuma Mama Zaina akuletee, tromboni pia.

Nilidhani nitaishia hapa. Nimesimama, nimetembea mpaka mlangoni, nimerudi.

Kwa sababu ukisoma hivi utasema: aliogopa. Watu wema watakwambia hivyo pia, kwamba siku zile aliyeonya alichukuliwa naye. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo kila siku. Jumanne niliogopa, ndiyo. Lakini Alhamisi hofu ilikuwa imepungua. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, boti ilikuwa inapakia, na ningeweza kumnong'oneza na hakuna ambaye angejua kamwe.

Nilikuwa nimeshausikia wimbo bila yeye. Hamadi alizifikia noti zile za chini, na kwa mara ya kwanza haukuinama popote. Ulikuwa mzuri zaidi, Riziki, na nilitaka kuusikia ukipigwa.